Upepo ni wa Mungu, ardhi ina wenyewe: Safari ya Kenya kutoka mafuta hadi kawi safi

KILA jioni, kabla ya giza kuingia, watoto wengi wa mashambani walikuwa na kazi moja isiyokuwa na mjadala: kwenda dukani na chupa kununua mafuta taa. Mafuta hayo yalitiwa katika koroboi, ile taa ya mkebe isiyo na kioo, nao wanafunzi wakaizunguka kudurusu vitabu vyao huku moshi ukiwaingia machoni na puani.

Siku hizi, katika vijiji vingi chupa hiyo haitumwi tena dukani. Juu ya paa la mabati pana kibao cha sola, na ndani ya nyumba pana taa inayowaka kwa kubonyezwa.

Badiliko hilo laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, ni sehemu ya mageuzi makubwa yanayoendelea kote ulimwenguni, ambapo mataifa yanajitahidi kuachana na kawi itokanayo na visukuku na kukumbatia kawi jadidifu.

Aghalabu mageuzi haya huelezwa kwa lugha ya tabianchi na megawati. Ni nadra kuulizwa swali la pili, ambalo kwa mwananchi wa kawaida ndilo zito zaidi: panapobadilika chanzo cha mwanga na mwendo wetu, ni nani anayenufaika, na ni nani anayetakiwa kuhama, kuacha kazi au kulipa zaidi?

Kabla ya kulijibu swali hilo, ni vyema kufafanua istilahi zenyewe. Visukuku ni mabaki ya mimea na viumbe vilivyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi yakageuka kuwa makaa ya mawe, mafuta au gesi. Yakishachomwa hayarudi, na hewa ya kaboni inayotoka humo huzidisha joto duniani.

Kawi jadidifu, kwa upande mwingine, hutokana na vyanzo visivyopungua kwa kutumiwa: jua, upepo, maji yanayotiririka na joto lililo chini ya ardhi.

Katika suala hili, Kenya ina sura mbili. Takriban asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini hutokana na vyanzo hivyo jadidifu, kiwango ambacho mataifa mengi tajiri bado yanakiota.

Hata hivyo, magari, matatu na pikipiki nyingi bado hunywa petroli na dizeli. Bidhaa hizo huagizwa kutoka ng'ambo zikiwa zimekwisha kusafishwa, kwa kuwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilikoma shughuli hiyo mwaka wa 2013.

Kwa hivyo, Mkenya anaishi katikati ya mageuzi haya. Mguu mmoja umekwisha kuvuka, mwingine ungali kwenye mafuta.

Kutoka koroboi hadi sola

Mageuzi yaliyo dhahiri zaidi yametokea ndani ya nyumba. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba takriban familia saba kwa kila 10 nchini zilitegemea mafuta taa ili kupata mwangaza, ama kwa koroboi ama kwa kandili.

Miaka 10 baadaye, sensa ya 2019 ilipata picha tofauti kabisa. Asilimia 50.4 ya familia zilitumia stima ya gridi ya taifa kwa mwangaza, na asilimia 19.3 zilitumia sola.

Mambo kadhaa yalichangia ufanisi huo. Mwaka wa 2015 serikali ilianzisha mpango wa kufikisha stima mashinani, na ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Aidha, bei ya vibao vya sola ilipungua duniani, na taa mpya zinazotumia umeme kidogo mno zikaingia sokoni.

Lakini kilichomfikishia sola mkulima asiye na akiba ni simu yake ya mkononi. Baada ya huduma ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka wa 2007, iliwezekana kampuni kumkopesha mteja kifaa, naye akakilipia kwa viasi vidogo vidogo kila siku, karibu sawa na pesa alizokuwa akinunulia mafuta taa.

Ndani ya kifaa hicho mna laini ya simu. Mteja akilipa, taa huwaka. Asipolipa, kampuni hukizima ikiwa mbali, bila kumtuma mtu yeyote kijijini. Deni likimalizika, kifaa huwa chake.

Manufaa yake kwa afya hayahitaji kuelezwa kwa kirefu. Moshi wa koroboi hudhuru mapafu, na miali yake imewahi kuteketeza nyumba za nyasi na za mabati vivyo hivyo. Fauka ya hayo, watoto wachanga wamewahi kunywa mafuta taa yaliyowekwa katika chupa za soda wakidhani ni kinywaji.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina masharti yake. Anayenunua kwa viasi vidogo hatimaye hulipa zaidi ya yule aliye na pesa taslimu. Na mwezi ambao mazao hayakuuzwa au mgonjwa alilazwa, giza hurudi nyumbani hata kama jua liliwaka mchana kutwa.

Wapo pia waliopata hasara ya moja kwa moja. Mwaka wa 2018 serikali ilitoza ushuru mpya wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, kwa hoja kwamba urahisi wa bei yake ulikuwa ukiwashawishi walaghai kuyachanganya na dizeli.

Hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Hata hivyo, kwa mpangaji wa chumba kimoja katika mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ambaye stovu yake ilikuwa ya mafuta taa, ushuru huo ulimaanisha mambo mawili tu: kulipa zaidi au kurejea kwenye makaa.

Hapa ndipo linapojitokeza pengo kubwa la mageuzi haya. Kibao kidogo cha sola huwasha taa na kuchaji simu, lakini hakisongi ugali. Sensa hiyo ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia bado zilipika kwa kuni. Mwanga umebadilika, meko hayajabadilika, na anayevuta moshi wa meko hayo kila siku ni mama na watoto walio karibu naye.

Mvuke ulivyookoa bili ya stima

Wasomaji wenye umri wa makamo wataukumbuka mwaka wa 2000. Ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, mabwawa ambayo ndiyo yaliyokuwa tegemeo la taifa, na stima ikaanza kugawanywa kwa zamu. Viwanda vilisimama, vinyozi wakafunga maduka, na jenereta zikanguruma mijini.

Funzo la wakati huo lilikuwa bayana. Mabwawa yakikauka, taifa hulazimika kuwasha mitambo ya dizeli, na gharama ya dizeli hiyo hubebwa na mteja. Katika bili ya stima mna ada ya gharama ya mafuta ambayo hupanda au kushuka kulingana na kiasi cha mafuta yaliyochomwa na bei yake katika soko la dunia.

Ndiyo maana mvua isiponyesha katika vyanzo vya Mto Tana, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kisumu huweza kulipa zaidi hata kama hajaongeza kazi yoyote.

Jawabu lilikuwa chini ya ardhi ya Bonde la Ufa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, miamba yenye joto kali iko karibu na uso wa dunia kuliko mahali pengi. Wahandisi huchimba visima vyenye kina cha hadi takriban kilomita tatu, mvuke hupanda kwa nguvu, huzungusha mitambo, na mitambo hiyo huzalisha umeme.

Uchimbaji wa majaribio ulianza huko miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi mwaka wa 1981. Tangu wakati huo mitambo imeongezwa hatua kwa hatua, hadi mvuke ukawa chanzo kikuu cha stima nchini, ukitoa zaidi ya asilimia 40.

Ubora wa mvuke ni kwamba haungoji mvua, haungoji upepo wala haulali usiku. Umewapunguzia Wakenya utumwa wa mafuta yanayoletwa kwa meli, yanayonunuliwa kwa dola na kupanda bei kila panapozuka vita katika nchi za mbali.

Lakini mvuke haukupatikana mahali patupu.

Gharama ya Olkaria

Mwaka wa 2014, ili kupisha upanuzi wa mitambo ya Olkaria, takriban familia 150 za jamii ya Wamaasai zilihamishwa kutoka vijiji vyao. Zilipelekwa katika ardhi ya ekari 1,700 iliyonunuliwa kwa ajili yao, na huko zikajengewa nyumba za mawe, shule na zahanati.

Kwa mtazamaji wa mbali, huenda hiyo ikaonekana kuwa bahati. Mtu aliyekuwa akiishi katika nyumba ya udongo sasa ana nyumba ya kudumu. Analalamikia nini?

Malalamiko yalikuwepo, na yalikuwa mazito. Wakazi walitaja barabara mbovu, mabonde yenye mmomonyoko, kuchelewa kwa hatimiliki ya ardhi na umbali kutoka mahali walipokuwa wakipata riziki. Baadhi yao walikuwa wakiuza shanga na kuwaburudisha watalii katika boma la utamaduni. Makao mapya yalikuwa mbali na njia ya watalii hao.

Kwa kuwa mradi huo ulifadhiliwa na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakazi waliwasilisha malalamiko kwa taasisi hizo. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza suala hilo na kubaini kasoro katika jinsi uhamisho ulivyotekelezwa. Baadaye wakazi na kampuni ya KenGen waliketi mbele ya wapatanishi, na mwaka wa 2016 wakaafikiana kuhusu hatua za kurekebisha mambo.

Funzo la Olkaria ni kwamba nyumba si maisha. Mfugaji ukimpa kuta imara lakini ukamwondolea malisho, soko na jirani zake, hujamlipa fidia, umembadilishia umaskini.

Mitambo 365 ya Marsabit

Kisa cha pili kinatupeleka kaskazini, karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Hapo upepo huvuma kwa nguvu kati ya milima karibu mwaka mzima.

Katika ardhi hiyo kumesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310. Mradi huo, unaofahamika kama Lake Turkana Wind Power, ulizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Julai 2019, na wakati huo ulikuwa miongoni mwa miradi mikubwa zaidi ya upepo barani Afrika.

Ulileta manufaa yasiyokanika. Barabara ya zaidi ya kilomita 200 ilitengenezwa hadi mahali pa mradi, na malori yakaweza kufika yalikokuwa yakikwama. Vijana walipata ajira wakati wa ujenzi, ingawa nyingi ya ajira hizo zilikoma mitambo iliposimama.

Ila kulikuwa na dosari mbili. Ya kwanza ilihusu nyaya. Mitambo ilikuwa tayari mwaka wa 2017, lakini laini ya kuisafirisha stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikukamilika hadi mwaka wa 2018. Kwa mujibu wa mkataba, kucheleweshwa huko kulitozwa faini ya mabilioni ya shilingi, na mzigo huo ukauangukia umma.

Dosari ya pili ilihusu ardhi yenyewe, takriban ekari 150,000. Ardhi hiyo ilikuwa ya jamii, ikiwa chini ya udhamini wa lililokuwa Baraza la Kaunti ya Marsabit. Baraza ndilo lililoitoa kwa mwekezaji. Wafugaji waliokuwa wakiitumia kwa malisho na kwa mila zao walidai hawakushauriwa jinsi sheria ilivyotaka, nao wakaenda kortini mwaka wa 2014.

Mnamo Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki hizo zilitolewa kinyume cha sheria, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro. Mwaka wa 2023 ombi la kuongezewa muda lilikataliwa. Mvutano wa kisheria haukuishia hapo.

Jambo jingine huwakera wakazi wa kaskazini. Nyaya nene za umeme hupita juu ya manyatta ambazo usiku hazina hata balbu moja. Si kwamba wahandisi wana roho mbaya. Laini hiyo hubeba umeme wa kilovolti 400, na haiwezi kuingizwa nyumbani bila kwanza kujengewa kituo ghali cha kupunguza nguvu. Lakini kwa mfugaji anayeketi gizani, ufafanuzi huo haumulikii mbuzi wake.

Kinangop na Kipeto: Njia mbili tofauti

Huko Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, mambo yalikwenda kombo kabla hata mtambo mmoja haujasimama. Palikusudiwa kujengwa mitambo 38 ya kuzalisha megawati 60.8 katikati ya mashamba ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa.

Wakulima walihofia kupoteza mashamba na afya yao. Maandamano yalizuka, mtu mmoja akauawa mapema mwaka wa 2015, na mwaka uliofuata wawekezaji wakatangaza kuufuta mradi. Eneo lenye upepo mzuri likabaki na upepo wake, na familia moja ikabaki na kaburi.

Tofauti na huko, katika Kaunti ya Kajiado mradi wa Kipeto wa megawati 100 ulisimama na kuanza kuzalisha stima mwaka wa 2021. Upepo wa Kajiado hauna maajabu yoyote. Tofauti ilikuwa katika makubaliano.

Wafugaji wa Kipeto walikuwa na hatimiliki zao binafsi, hivyo mwekezaji alilazimika kuketi na mwenye boma mmoja baada ya mwingine. Ardhi ilikodishwa, si kutwaliwa. Mitambo ilisimama, ng'ombe wakaendelea kulisha chini yake, na wenye ardhi hupata mgao wa mapato. Aidha, hazina ya jamii ilitengewa asilimia tano ya umiliki wa mradi.

Anayelinganisha Marsabit na Kajiado ataona kwamba kilichowatofautisha wafugaji hao ni karatasi. Aliyekuwa na hatimiliki mkononi aliulizwa. Yule ambaye ardhi yake ilishikwa kwa niaba yake aliambiwa mambo yakiwa yamekwisha.

Lamu yatoa funzo

Pengine msomaji atauliza: je, kuyazungumzia haya si kuwapa nguvu wale wanaotaka tuendelee kuchoma makaa ya mawe na mafuta?

La hasha. Jibu linapatikana Lamu. Huko palikusudiwa kujengwa kiwanda cha kuzalisha megawati 1,050 kwa makaa ya mawe, katika eneo la Kwasasi. Wavuvi, wakulima na watetezi wa mji huo wa kale, ambao umo katika orodha ya turathi za dunia tangu mwaka wa 2001, waliupinga mpango huo kwa miaka kadhaa. Walihofia majivu, moshi na maji moto ambayo yangemiminwa baharini na kuwafukuza samaki.

Mnamo Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifutilia mbali leseni ya mradi huo. Sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi iliudumisha uamuzi huo.

Tazama basi. Mradi wa makaa ya mawe wa Lamu ulikuwa mchafu, wa upepo wa Marsabit ni safi. Mmoja uliharamishwa kabla ya kujengwa, mwingine unazalisha stima. Lakini yote miwili ilijikwaa katika kisiki kimoja: wenyeji hawakuulizwa kwa njia inayofaa.

Sheria haimwulizi mwekezaji kama kawi yake ina moshi au haina, kisha ikamsamehe. Humwuliza kama alizungumza na mwenye ardhi. Usafi wa upepo hauisafishi hati iliyopatikana kwa njia ya mkato.

Bodaboda, fundi na barabara

Mageuzi haya sasa yameingia barabarani. Jijini Nairobi na katika miji mingine, mabasi na pikipiki za umeme zimeanza kuzoeleka. Mhudumu wa bodaboda hafiki tena katika kituo cha petroli. Hufika katika kituo cha betri, akaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa, kisha akaendelea na safari kwa muda wa dakika chache.

Kwake yeye hesabu ni rahisi. Umeme wa kumaliza siku moja hugharimu pungufu ya petroli, na pikipiki haihitaji kubadilishwa oili.

Lakini oili hiyo ilikuwa riziki ya mtu. Injini ya petroli ina plagi, kabureta, pistoni na vichujio, na kila kimojawapo kikiharibika, fundi wa jua kali hupata mlo. Mota ya umeme ina sehemu chache zinazosugua na kuchakaa, na nyingi ya hitilafu zake hutafutwa kwa kompyuta wala si kwa spana.

Fundi huyo asipofunzwa upya, mageuzi yatampita akiwa amekaa chini ya mwembe na kisanduku chake cha vyuma. Hali ni hiyo hiyo kwa wahudumu wa vituo vya petroli na madereva wa malori ya mafuta. Hawatapoteza kazi kesho, lakini watoto wao hawatairithi.

Kuna pia suala la kodi, ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Barabara nchini hukarabatiwa kwa pesa zinazokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Ada hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 mwaka wa 2024. Asiyenunua petroli haichangii ada hiyo, ilhali magurudumu yake huikanyaga lami ile ile.

Kadiri magari ya umeme yatakavyoongezeka ndivyo mfuko huo utakavyopungua. Iwapo serikali itaipandisha ada ili kuziba pengo, watakaoumia ni wale wasioweza kununua gari jipya la umeme: mwenye matatu kuukuu, mkulima mwenye trekta na abiria wanaobebwa nao.

Mwishowe kuna taka. Betri za sola na za pikipiki hufa baada ya miaka kadhaa, na ndani yake mna madini yenye sumu. Zikitupwa jalalani au kuyeyushwa kiholela katika kitongoji, tutakuwa tumeuondoa moshi wa koroboi na kuingiza sumu katika kisima. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawataka watengenezaji na waagizaji wabebe dhima ya bidhaa zao hadi mwisho. Sheria hiyo itakuwa na maana pale tu kila soko la kijijini litakapokuwa na mahali pa kurudishia betri iliyokufa.

Kifanyike nini?

Hakuna anayetamani kuirudia koroboi. Mtoto anayesoma kwa taa isiyo na moshi, mwenye kiwanda asiyeogopa ukame na mvuvi wa Lamu ambaye bahari yake haikuchemshwa, wote ni ushahidi kwamba mageuzi haya yana faida. Suala ni kuhakikisha kwamba anayenufaika hanufaiki kwa gharama ya jirani yake.

Hatua ya kwanza ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka wa 2016 ili jamii ziweze kusajili ardhi zao na kuwa na sauti juu yake. Kaunti zenye upepo na jua kwa wingi ndizo zenye ardhi kubwa ya jamii. Usajili ukikamilishwa kabla ya wawekezaji kubisha hodi, mfugaji wa Marsabit atakuwa na karatasi kama ya mwenzake wa Kajiado.

Hatua ya pili ni mgao. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 iliweka mrabaha kwa kawi ya mvuke, na ikaamua kwamba asilimia 75 iende kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na tano kwa jamii ya mahali. Upepo na jua havikuwekewa mgao kama huo, ingawa ndivyo vinavyohitaji ardhi pana zaidi. Pengo hilo halina budi kuzibwa, ili hisani ya mwekezaji mmoja iwe haki ya kila jamii.

Hatua ya tatu ni mafunzo. Vyuo vya kiufundi vya kaunti vinapaswa kumfungulia mlango fundi wa jua kali aliyekwisha kuzoea pikipiki, bila kumdai vyeti alivyovikosa alipoacha shule, ili ujuzi wake wa miaka mingi upate mahali pa kuota upya.

Na hatua ya nne ni meko. Hesabu ya mafanikio haitatimia iwapo tutajisifia asilimia 90 ya stima safi huku mama akiendelea kuinama juu ya mafiga matatu, macho yakimtiririka machozi, chini ya paa lenye kibao cha sola.

Wahenga walisema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kawi mpya ni mgeni mwema, na Kenya imempokea mapema kuliko wengi. Lakini mgeni huyu ataishi kwa amani katika boma ambalo mwenyeji aliulizwa kwanza, akakubali, kisha naye akawashiwa taa.